Mnyama Asiyeacha Nyayo

Maharagi ya mbegu yaliyowekwa kwenye majivu yana harufu yake. Si harufu ya maharagi, wala si ya majivu. Ni kama harufu ya jiko lililozimwa zamani katika nyumba ambayo watu wamerudi kuifungua. Juzi niliisikia Mudzipela, hapa Bunia, nikiwa juu ya moto, pikipiki ya kukodi, nikamshika bega motadi aliyeiendesha kabla sijajua ninamsimamisha kwa nini.

Mwanamke mmoja alikuwa amefungua gunia lake pembeni ya barabara. Mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa imenyesha usiku na watu walianza kununua mbegu. Nilichota kiganja kimoja, nikapuliza vumbi, nikakileta puani. Yule mwanamke alinitazama kama mtu anayetazama kichaa mpole.

"Mama, tunaenda ao tunabakia?" motadi akauliza.

Nilinusa tena. Nimeishi sehemu nyingi. Nimeuza vitenge Kisangani, nimepika katika hoteli ndogo Butembo, nimekaa ng'ambo ya ziwa miaka ambayo sasa naona ilipita kama wiki. Kila mahali nilikaa kama mtu aliyejikinga kwenye baraza ya wengine akingoja mvua ikatike. Lakini harufu ile ilinitoa kwenye baraza zote hizo na kunirudisha kilimani kwetu, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kpandroma, kwenye baridi na mikaratusi, katika msimu ambao baba yangu alikuwa anawauliza wanyama wanataka kula nini.

Nieleze vizuri. Shamba letu liliteremka kutoka nyumbani hadi kwenye kinamasi, na kule chini kabisa, mahali udongo unapoanza kuwa mweusi, kulikuwa na kipande kirefu chembamba ambacho hatukukila. Kiliitwa shamba ya wanyama. Babu alikilima, baba, tuliyemwita Papa, akakirithi. Kila mwaka, kabla ya kupanda kwetu, tulipanda kwanza kule, ili ndege na wanyama wanaotoka kinamasini wakute chakula mlangoni mwao na wasione sababu ya kupanda juu. Wakati ule walikuwa bado wengi: kanga, nungu, nyani wa bondeni, na zaidi ya wote korongo wenye taji, wale wakubwa wenye nyuzi za dhahabu kichwani, ambao wakiamua kufukua mahindi yaliyopandwa jana hawabakizi hata punje.

Sasa, kupanda nini? Hapo ndipo palikuwa na kazi. Papa alisema wanyama hawapendi kitu kilekile kila mwaka, na ukikosea watakipita kipande chao na kuja kula chako. Kwa hiyo siku za mwisho za kiangazi alishuka jioni na nyungo nne, sisi tunaziita lungo, akaziweka kwenye kipande kile, moja ya mahindi, moja ya ulezi, moja ya mtama mweupe, moja ya maharagi. Kila lungo akaizungushia majivu laini, mapana kama mkeka. Asubuhi tulishuka kusoma. Lungo ilisema nini kimeliwa, majivu yakasema nani amekula.

"Twende tuwaulize," alikuwa anasema, akibeba majivu kwenye ndoo.

Mimi niliamini neno lile kama lilivyo. Nilidhani wanyama wanakaa kikao gizani, wanajadiliana, kisha wanatuachia jibu. Nilidhani pia kwamba kila familia duniani ina wanyama wake wa kuwauliza.

Mama hakupenda mambo hayo. Mwaka ule ninaoukumbuka, mvua iliyotangulia ilikuwa mbaya na mbegu zilikuwa chache. Mama alipochambua maharagi, punje ikianguka chini alihamisha mkeka mzima kuitafuta.

"Mutama mweupe ndio mutamu, na weye unapatia ndege," alimwambia Papa. "Siye tunakula ule mwekundu wenye kukamata ulimi."

"Ni kwa sababu unakamata ulimi ndiyo ndege wanatuachia, Mama Jonasi."

"Basi mwaka huu uwapatie ulimi wangu pia, maana hakuna kingine."

Jonasi ni kaka yangu. Alinizidi umri kidogo na alijua kila kitu. Asubuhi ya kwanza tulishuka pamoja na Papa, mimi nikiwa nimejifunika kitenge cha Mama mpaka puani. Lungo ya mtama ilikuwa karibu tupu, na majivu yake yamejaa vidole vitatu vitatu vya korongo, vikubwa kuliko kiganja changu. Kwenye mahindi nungu alikuwa amepita akiburuta miiba yake, kama mtu aliyefagia vibaya. Ulezi ulichokolewa kidogo tu. Kisha tukafika kwenye maharagi.

Lungo ilikuwa tupu. Haikumwagika, haikupinduka. Imekaa pale pale tulipoiweka. Na majivu yaliyoizunguka yalikuwa laini, mistari midogo midogo ikipita juu yake kama upepo uliolala. Hakukuwa na unyayo hata mmoja.

"Huyu iko na miguu ngapi?" nikauliza.

"Hana," Jonasi akasema, sauti imepungua. Kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye mkubwa. "Ni nyoka. Inatembea na tumbo."

"Nyoka inakula maharagi?"

"Ya huku kwetu inakula. Weye ungejua nini?"

Papa alichuchumaa mbele ya ile lungo, akaangalia majivu muda mrefu. Tulipopanda nyumbani alimwambia Mama kwamba mtama umekwisha, mahindi nusu, na maharagi yote.

"Maharagi yote?" Mama akasema. "Nani anakula maharagi mabichi, makavu hivi?"

Papa akainua mabega. Mama akaacha kukoroga uji. Nakumbuka mwiko ulivyobaki umesimama ndani ya sufuria.

Jioni ile maharagi yakawekwa tena, na asubuhi yakawa yameisha tena, majivu laini tena. Siku zile mimi sikuwa na mawazo mengine. Nilikuwa nimezaliwa kwenye kilima ambacho chini yake anaishi mnyama asiyegusa ardhi. Shuleni nilitazama dirishani upande wa kinamasi nikimtafuta. Nilimpa mnyama wangu manyoya meupe na mdomo laini. Nilijua anaelea, na kwamba ana adabu, kwa sababu hajawahi kupindua lungo yetu.

Jonasi yeye aliona nyama. Jumapili, baada ya ibada, alisimama katikati ya watoto wenzake mbele ya kanisa na kutangaza kwamba ataweka mtego wa waya kwenye maharagi, na yeyote atakayenaswa, awe nyoka au pepo, wote watakuja kumuona akining'inia. Alionyesha kwa mikono jinsi mnyama atakavyoruka. Watoto walicheka na kupiga kelele. Akina mama waliokuwa wanasalimiana pembeni waligeuka kutazama, na jirani yetu Mama Neema alikuwa miongoni mwao, amemshika binti yake mkono.

Mama Neema alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Mume wake alikuwa ameenda kwenye machimbo ya dhahabu na hakurudi, wala habari yake haikurudi. Mwaka uliotangulia Mama alikuwa amempelekea beseni la unga. Watu wakaona, watu wakasema, na kabla ya jua kutua beseni lilirudishwa mlangoni kwetu na unga wote ndani, limefunikwa vizuri. "Aksanti. Siye tuko na chakula," alisema, akaenda zake akiwa amenyoosha mgongo. Tangu siku hiyo Mama hakumpelekea tena kitu, na walisalimiana kwa uangalifu, kama watu wanaopita kwenye daraja la mti mmoja. Sisi watoto hatukushughulika na hayo. Neema nilicheza naye kila siku.

Kesho yake asubuhi lungo ya maharagi ilikuwa imejaa. Kesho kutwa vilevile. Korongo walikuja, nungu alikuja, lakini mnyama wangu hakuja. Nililia. Nilimwambia Mama kwamba Jonasi amemfukuza na mtego wake.

"Mutego gani?"

Nikamwambia yote, maneno ya mbele ya kanisa, waya, kuning'inia. Sijawahi kumuona Mama akibadilika uso hivyo. Alitoka, akamkuta Jonasi nyuma ya nyumba na waya mkononi, akaunyakua.

"Umeisha kuweka?"

"Bado, Mama. Nilitaka tu..."

"Mutu asiguse pale chini! Umesikia? Si weye, si rafiki zako, si mbwa yenu!"

"Lakini Mama, inamaliza mbegu! Ni weye unasema mbegu haiko!"

Mama alichukua dumu, akanishika mkono, tukaenda kisimani, ingawa nyumbani maji yalikuwepo.

Kisimani kulikuwa na wanawake kadhaa, na Mama Neema alikuwa ameinama anachota, mgongo kwetu. Mama hakumsalimia kwanza. Alisimama, akaelekeza uso wake bondeni, na kuanza kusema kwa sauti kubwa, yeye ambaye hata kanisani aliimba chinichini.

"Ile munyama ya kule chini mi sina shida nayo! Jonasi nimemunyang'anya waya, hakuna mutego, hakutakuwa mutego! Kinywa ya Jonasi ndiyo kubwa, akili bado! Ile maharagi iko yake. Ikule tu!"

Wanawake walicheka. Mmoja akasema, "Mama Jonasi, sasa unahubiria wanyama?"

"Wanasikia kuliko watu," Mama akasema.

Mama Neema alimaliza kuchota, akajitwisha, akapita karibu nasi. "Umeamukaje, Mama Jonasi," akasema. "Muzuri, Mama Neema," Mama akajibu, na kila mmoja akaenda na njia yake.

Na kesho yake asubuhi lungo ilikuwa tupu, majivu laini kama shuka.

Sijui kama ninaweza kueleza jinsi nilivyomtazama Mama siku hiyo. Alikuwa amesema kisimani, juu kabisa ya kilima, na mnyama amesikia chini kinamasini. Papa aliwauliza wanyama kwa nyungo na majivu, akisubiri usiku kucha. Mama aliwaambia tu. Nilimtazama akimenya viazi na niliogopa mikono yake.

Ndipo nikaamua lazima nimuone huyo mnyama. Niliamka kabla ya wengine, kulipoanza kupambazuka, nikashuka na kujificha nyuma ya mkaratusi wa mwisho. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli. Baridi ilinipanda miguuni. Nilisikia korongo kabla ya kuwaona, ile sauti yao inayotoka kama kwenye baragumu lililojaa maji, kisha wakashuka kutoka juu, miguu inaning'inia, wakatua kwenye kipande chao bila kutikisa kitu. Walikula kidogo. Halafu mmoja akainamisha kichwa, akafungua mabawa, akaruka wima. Mwingine akamjibu. Mara wote walikuwa wanaruka na kuinama, wanaruka na kuinama, na mwanga wa kwanza ulipowafikia, vichwa vyao viliwaka moto mdogo mdogo ndani ya ule weupe. Nilisahau baridi. Nilisahau nimefuata nini.

Na katikati yao, pale kwenye maharagi, kulikuwa na mtu.

Sikuona uso. Niliona umbo limeinama, kichwa kimefunikwa nguo, mkono mmoja umekumbatia kitu tumboni. Mkono wa pili ulishika tawi lenye majani. Alikuwa anarudi kinyumenyume, polepole, akifagia mbele yake kila alipotoa mguu, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Korongo hawakumkimbia. Walicheza pembeni yake kana kwamba yeye ndiye aliyewapigia ngoma. Kisha ukungu ukafunga, na ulipofunguka hakuwepo.

Nilikimbia hadi nyumbani. Nilimkuta Mama anawasha moto.

"Nimemuona! Si munyama. Ni mwenye wanyama! Ni mama, iko na fimbo ya majani, korongo wanamuchezea!"

Mama akanitazama, moshi ukipita kati yetu. "Umemuona uso?"

"Apana."

Alipumua. Akanivuta karibu, akanifunga kitenge upya shingoni, akakaza fundo. "Musikilize Mama yako. Ule hapendi kuonekana. Usimutaje kwa mutu. Si kwa Jonasi, si kwa Neema. Ukimutaja, hatakuya tena hata siku moja."

Sikumtaja. Kwa mtoto mwenye mdomo kama wangu hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima.

Siku chache baadaye mawingu yalisimama upande wa ziwa na Papa akasema tupande. Mbegu ziliwekwa mbele ya mlango. Papa alisema kipande chote cha wanyama kiwe mtama mweupe, kwa sababu ndivyo korongo walivyojibu. Mama akasema hapana, nusu iwe maharagi.

"Mama Jonasi, umeisha kuona korongo anakula maharagi?"

"Tuliuliza ao hatukuuliza?"

"Tuliuliza."

"Lungo ilikuwa tupu ao ilijaa?"

Papa akamtazama mke wake, kisha akatazama chini ya kilima, kisha akasukuma kibuyu cha maharagi upande wake. "Chagua weye," akasema.

Mama, aliyehamisha mkeka kwa ajili ya punje moja, alimwaga maharagi ya mbegu na kuanza kuchagua. Nilitegemea aondoe yale mazuri na kuwaachia wanyama yaliyotobolewa. Alifanya kinyume. Alichagua yale mafupi yenye madoa mekundu, yanayoiva mapema na yasiyohitaji miti ya kupandia, akaangalia kila punje kwenye mwanga, na nzima kabisa akazitenga kwa kule chini.

"Hii majani yake ni milaini," alinieleza. "Itaanza na majani, kabla maharagi haijaiva."

"Mwenye wanyama anakula majani?"

"Njaa ikiwa ingaliko, atakula majani."

Tulipanda. Mvua ilikuja vizuri. Korongo walikaa kwenye nusu yao, na lile shamba letu la juu walilipita wakiruka tu. Nusu ya maharagi ilichipua, ikachumwa majani kwa ustadi, moja hapa, moja pale, mmea usiumie. Na siku moja tukakuta imepaliwa. Jonasi alisimama pale mdomo wazi. Magugu yameng'olewa na kulazwa pembeni kwa mstari, mizizi juu. Hata yeye hakuwa na jina la nyoka inayopalia.

"Basi ni pepo," akasema.

"Ni pepo yenye kutumika kuliko weye," Mama akamwambia.

Maharagi yalipoiva yalivunwa yote. Mwishoni, kwenye jiwe lililopo mpaka wa kipande kile, tulikuta kifurushi cha jani la mgomba kimefungwa kwa kamba. Mama alikifungua. Ndani yake kulikuwa na mbegu za maharagi yale yale yenye madoa mekundu, safi, zimepakwa majivu tayari kwa mwaka unaofuata. Mama alikishika kwa mikono miwili, namna anavyoshika sahani ya sadaka, na harufu ile ikapanda.

Nilikua nikiamini. Niliacha kuamini mambo mengine yote ya utotoni, lakini huyo nilimbakiza, kwa sababu nilimuona. Mpaka vita vilipofika, kilima chetu kikatutapika, sisi na majirani wote, tukashuka na vitu vya kichwani tu. Nilikuwa tayari msichana mkubwa. Tulitembea kwa njia kuu mpaka tuliposikia mbele ni kubaya, wazee wakasema tuingie porini kwa njia ndogo. Ilikuwa alfajiri, vumbi jingi, na miguu yetu sote iliandika wazi tumeelekea wapi. Mama Neema alikuwa wa mwisho. Alimpa Neema mzigo wake, akavunja tawi, akageuka, akaanza kurudi kinyumenyume nyuma yetu. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Vumbi likalala laini, na mistari midogo midogo.

Nilisimama. Mama akanigusa mgongoni. "Tembea," akasema taratibu. "Usimutaje."

Waliotufuata waliipita njia ile. Tulisikia sauti zao zikienda mbele kwenye barabara kubwa, zikaisha. Hapa Bunia tuliachana. Mama Neema na watoto wake waliendelea kuelekea ng'ambo ya ziwa. Miaka yote niliyokaa kule nilitazama wanawake wa umri wake sokoni, hasa migongo yao. Sikumpata. Papa alizikwa mbali na kinamasi chake. Jonasi ana watoto, na anawasimulia habari ya nyoka.

Nilinunua yale maharagi ya Mudzipela, yenye madoa mekundu, nikayapeleka Rwambuzi anakokaa Mama. Amezeeka, macho yamepungua, lakini kiwanja chake kidogo amekilima mpaka kwenye ua wa miti. Nje ya ua, kati ya miti na barabara, kuna utepe wa udongo ambao si wa mtu. Watu hupita hapo siku nzima, wengi wao waliofika juzi juzi kutoka milima yetu, na magodoro vichwani.

Mama alinusa mbegu, akatabasamu kabla hajaziona. Akapeleka mkono kwenye utepe ule wa nje. "Na kule, tupande nini?"

"Mama, hapa Bunia iko munyama gani?"

"Mi nitajua aje? Tuwaulize."

Jioni niliweka lungo nje ya ua na kumwaga majivu kuizunguka, mapana kama mkeka. Asubuhi nilitoka mapema, nikamkuta Mama ametangulia, amesimama na fimbo yake. Lungo ilikuwa tupu. Kwenye majivu kulikuwa na unyayo mmoja wa mguu mtupu, mdogo, vidole vyote vitano wazi, wa mtoto ambaye hakuna aliyemfundisha bado kujificha.

Majirani walikuwa wanaanza kufungua milango. Mama alinipa fimbo yake niishike, akavunja tawi la majani kwenye ua, akainama kwa shida, na kuufagia ule unyayo.